SOMO LA TAWI: KWA NINI MISIBA MIKUBWA YA NCHI ZA WENGINE HAITANGAZWI?



Somo la safari hii linahusu habari. Watakuwapo watakaouliza: habari zina uhusiano gani na chama cha wafanyakazi? Kazi yetu ni mishahara, saa za kazi, mikataba na fidia ya walioumia. Jibu ni fupi. Mfanyakazi anayeonewa na hakuna anayejua ameonewa mara mbili. Mwajiri anayejua kwamba hakuna jicho linalomtazama hatendi sawa na yule anayejua kwamba kesho jina lake litasomwa. Ndivyo ilivyo kwa majeshi na serikali pia. Kwa hiyo kimya ni jambo la chama, na tujue kinatoka wapi.

Shabaha ya somo hili ni moja: tukimaliza, kila mmoja aweze kueleza kwa nini jambo kubwa linaweza kutokea, watu wengi wakafa, na dunia isisikie; na aweze kusema tawi lake lifanye nini.

VITA VILIVYOKUWA MLANGONI PETU

Tuchukue mfano tunaoujua, wa Kongo. Tarehe 2 Agosti 1998 vita vilianza upya mashariki ya nchi ile. Majeshi ya Rwanda, Uganda na Burundi yaliingia upande mmoja. Majeshi ya Angola, Zimbabwe, Namibia na Chad yaliingia upande wa serikali ya Kinshasa. Katikati yao palikuwa na vikundi vingi vya watu wenye silaha. Serikali ya mpito ilipatikana mwaka 2003, lakini upande wa mashariki bunduki hazikunyamaza.

Shirika moja la misaada, Kamati ya Kimataifa ya Uokoaji, lilituma watu kupita nyumba kwa nyumba na kuuliza nani amekufa na kwa sababu gani. Mwaka 2008 lilitangaza kwamba tangu Agosti 1998 hadi Aprili 2007 walikufa watu milioni 5.4 zaidi ya wale ambao wangekufa siku za kawaida. Wataalamu wengine waliipinga hesabu hiyo wakasema ni kubwa mno, maana ni vigumu kujua ni wangapi waliokuwa wakifa kabla ya vita. Na tuikate nusu. Bado ni msiba wa watu zaidi ya milioni mbili na nusu, mmoja wa mikubwa kabisa tangu vita vya pili vya dunia.

Sasa tuweke kando yake vita vingine vya wakati uleule. Kuanzia tarehe 24 Machi hadi 10 Juni 1999, ndege za nchi za NATO zilipiga mabomu Yugoslavia kwa ajili ya Kosovo. Siku 78. Watu waliouawa au kupotea katika vita vya Kosovo tangu 1998 hadi 2000 ni zaidi kidogo ya 13,000. Uchungu wa mama wa Kosovo si mdogo kuliko wa mama wa Bukavu, na hatusemi kwamba habari ile haikustahili kutangazwa. Tunasema hivi: siku zile redio na televisheni za Ulaya na Marekani zilifungua taarifa kwa Kosovo, asubuhi na jioni. Kongo ilitajwa mara moja moja, kama jambo la kupita.

Kwa nini? Wako wanaojibu haraka: ni ubaguzi. Ubaguzi upo, tusidanganyane. Lakini jibu la neno moja halitupi pa kushika. Tunapodai mshahara hatuishii kusema kwamba mwajiri ana roho mbaya. Tunaomba vitabu vya hesabu, tunaangalia fedha inaingia wapi na inatokea wapi. Na habari tuifanyie vivyo hivyo.

HABARI NI MZIGO

Habari haina miguu. Inabebwa. Lazima awepo mtu wa kuiona, mtu wa kuiandika, njia ya kuituma, mhariri wa kuipokea, na mwisho mnunuzi. Kila mmoja katika mnyororo huo anakula kwa kazi yake. Basi tuulize yale tunayouliza juu ya mzigo wowote: barabara ni ya nani, nauli analipa nani, na sokoni nani anaununua? Tukiuliza hivyo tutapata sababu zifuatazo.

Kwanza, barabara zilijengwa na wenye dola. Mashirika makubwa ya habari yalianza zamani: Havas mjini Paris mwaka 1835, Associated Press mjini New York mwaka 1846, Reuters mjini London mwaka 1851. Mwaka 1870 yale ya Ulaya, pamoja na Wolff la Berlin, yalitia sahihi mapatano ya kugawana dunia. Reuters ilishika sehemu za dola ya Uingereza, Havas ikashika za Ufaransa, na Wolff ikapewa sehemu yake huko Ulaya. Huo ulikuwa mgawanyo kabla hata ya ule wa Berlin wa 1884 na 1885 uliohusu Afrika. Ndugu wa reli wataelewa upesi. Reli ya mkoloni ilitoka mgodini kwenda bandarini, haikutoka kijiji kwenda kijiji. Njia ya habari nayo ilijengwa hivyo. Ndiyo maana hata leo habari ya Kisangani mara nyingi humfikia mtu wa Kampala au Bujumbura baada ya kupitia London au Paris, na ikirudi imekwisha kukatwa kwa kipimo cha huko.

Pili, gharama na hatari. Eneo la Kongo linakaribia ukubwa wa Ulaya Magharibi yote, na barabara zake tunazijua. Kumpeleka mwandishi ndani kunataka ndege, mkalimani, bima na siku nyingi. Gazeti kubwa la ng'ambo humweka mtu mmoja Nairobi au Johannesburg na kumpa nchi kumi au zaidi azitazame peke yake. Wahenga walisema fimbo ya mbali haiui nyoka.

Tatu, wanapima kwanza ni nchi ya nani na ni mtu gani. Mwaka 1965 wataalamu wawili wa Norway, Johan Galtung na Mari Holmboe Ruge, walitoa uchunguzi wa jinsi magazeti manne ya nchi yao yalivyoandika machafuko ya Kongo, Cuba na Kupro. Walieleza kwamba jambo huwa habari kwa urahisi likihusu taifa lenye nguvu, likihusu mtu mkubwa, likiwa karibu na utamaduni wa msomaji, na likitokea kwa ghafula. Mkulima wa Ituri hana hata kimoja katika hivyo. Mkono mtupu haulambwi.

Nne, kifo cha polepole hakina saa. Katika wale waliohesabiwa Kongo, waliouawa kwa risasi na panga ni sehemu ndogo. Wengi walikufa kwa malaria, kuhara, homa ya mapafu na utapiamlo, kwa sababu zahanati iliporwa, shamba liliachwa, na mama alilala msituni na mtoto kwa majuma. Bomu lina saa yake na moshi wake. Mtoto aliyekosa dawa hana moshi. Gazeti la kila siku hutafuta jambo lililoanza jana na kwisha leo. Msiba unaochukua miaka mitano hauingii katika ukurasa wake.

Tano, mambo yenye pande nyingi yanamchosha mhariri. Yeye anataka mwema na mwovu, basi. Kongo ilikuwa na majeshi saba ya kigeni. Kuanzia tarehe 5 hadi 10 Juni 2000 majeshi ya Uganda na Rwanda, yaliyokuwa marafiki wakati vita vinaanza, yalipigana yenyewe kwa yenyewe ndani ya mji wa Kisangani, mji usio wa mmoja wao, na mamia ya raia waliuawa. Utamweleza nini mtu wa mbali kwa mistari kumi? Mhariri huona afadhali aache. Mwezi Februari 2022 Mahakama ya Kimataifa ya Haki iliiamuru Uganda iilipe Kongo dola milioni 325 kwa madhara ya vita vile, na wengi duniani walisikia siku hiyo kwa mara ya kwanza kwamba Kisangani iliwahi kupigwa.

Sita, wako wanaofaidika na kimya. Oktoba 2002 wataalamu waliotumwa na Umoja wa Mataifa walitoa taarifa juu ya uporaji wa mali ya Kongo, wakataja makampuni 85 ambayo kwa maoni yao hayakufuata miongozo ya kimataifa ya biashara. Fikirini jambo hili, ndugu. Koltani ilitoka msituni, ikabebwa mgongoni, ikapanda ndege, ikafika viwandani ng'ambo, ikawa sehemu ya simu. Barabara ya madini ilipatikana. Ya habari za waliochimba ikasemekana ni ndefu mno.

HABARI MOJA INAVYOFUNIKA NYINGINE

Iko sababu ya saba, nayo inawahusu wafanyakazi hasa. Ukurasa wa gazeti una kipimo. Likiingia jambo moja kubwa, mengine hutolewa.

Mwaka 1941 bei za vitu zilikuwa zimepanda sana Katanga kwa sababu ya vita. Wafanyakazi Waafrika wa kampuni ya madini ya Union Minière walidai nyongeza ya mshahara, wakagoma. Shaba yao ilikuwa ikihitajiwa sana na majeshi ya Uingereza na wenzake, na wao ndio waliobaki na mshahara wa zamani. Tarehe 9 Desemba walikusanyika katika uwanja wa mpira wa Élisabethville, mji ambao leo ni Lubumbashi. Askari wakawafyatulia risasi. Kiongozi wao, Léonard Mpoyi, aliuawa, na pamoja naye makumi ya wengine. Hesabu ya serikali na hesabu ya wafanyakazi hazikupatana mpaka leo.

Sasa tazameni tarehe. Siku mbili kabla, tarehe 7 Desemba 1941, Wajapani walikuwa wameipiga bandari ya Marekani ya Pearl Harbor. Dunia yote ilikuwa imegeuza uso upande huo. Tena serikali ya kikoloni ilikuwa na kisingizio cha vita cha kuzuia maneno. Wale wachimba madini, ambao lugha yao ya kazi ilikuwa Kiswahili kama hiki tunachosoma, walizikwa mara mbili: mara moja kwa udongo, mara ya pili kwa karatasi.

Jambo la namna hiyo lilirudi Aprili 1994. Mauaji ya kimbari yalipoanza Rwanda, waandishi wengi waliokuwa Afrika walikuwa Afrika Kusini wakingojea uchaguzi wa tarehe 26 hadi 29 Aprili. Ulikuwa uchaguzi wa furaha na haki, nasi tulishangilia. Lakini tarehe 21 Aprili, huku watu wakichinjwa, Baraza la Usalama lilipunguza askari wa Umoja wa Mataifa Rwanda wabaki kiasi cha 270. Jambo hilo lingekuwa gumu kulifanya mbele ya macho ya watu.

Na vita vya Sudan, vilivyoanza tarehe 15 Aprili 2023, viliwatoa makwao watu zaidi ya milioni 10, huku kurasa za mbele zikiwa zimejaa Ukraine, na baadaye Gaza.

TUSEME KWELI JUU YA MAGAZETI YETU

Si haki kuwalaumu wa London peke yao. Katika miaka ya 1970 nchi maskini zilipigania utaratibu mpya wa habari duniani. Mwaka 1980 tume iliyoongozwa na Seán MacBride wa Ireland iliipa UNESCO taarifa iliyokubali kwamba habari zinatiririka upande mmoja, kutoka kwa wenye nguvu kwenda kwa wanyonge. Umoja wa Nchi Huru za Afrika uliunda shirika la habari la PANA mwaka 1979, likaanza kazi Dakar mwaka 1983. Marekani ilijitoa UNESCO mwishoni mwa 1984, na Uingereza mwishoni mwa 1985. Ugomvi huo wa habari ulikuwa moja ya sababu zao.

Lakini mashirika mengi ya serikali zetu yalipopata nafasi ya kusema, yalisema nini? Waziri amefungua. Mkurugenzi amewaasa. Rais amepokea. Mkulima na kuli hawakuwamo. Na wakati wa vita vya Kongo, gazeti la nchi ambayo jeshi lake liko vitani huandika ushindi wa jeshi lake na kunyamazia makaburi ya raia. Kimya kinaweza kutengenezwa Ulaya, na kinaweza kutengenezwa hapahapa.

KARANI ALIYESOMA HATI ZA MIZIGO

Je, mnyonge hana la kufanya? Tuangalie mtu mmoja. Mwishoni mwa karne ya 19 Kongo ilikuwa mali ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji, naye aliiambia dunia kwamba anafanya kazi ya huruma. Magazeti mengi yalimwamini. E. D. Morel alikuwa karani katika kampuni ya meli ya Elder Dempster ya Liverpool, na kazi yake ilimpeleka bandari ya Antwerp. Hakuwa amefika Kongo. Alichokuwa nacho ni hesabu na macho. Akaona kwamba meli zinakuja zimejaa mpira na pembe za ndovu. Zikirudi Kongo hazibebi bidhaa za kulipia mali ile. Zinabeba bunduki, risasi na askari. Akajiuliza swali ambalo mfanyakazi yeyote angejiuliza: ikiwa hakuna kinachokwenda kulipia, watu wanaovuna mpira wanalipwa nini? Jibu likawa moja tu. Hawalipwi. Wanalazimishwa kwa bunduki.

Aliacha kazi mwaka 1901. Mwaka 1903 akaanzisha gazeti lake. Mwaka 1904 taarifa ya Roger Casement, balozi mdogo wa Uingereza aliyezunguka vijijini na kusikiliza watu wenyewe, ilitolewa hadharani, na mwaka uleule wawili hao wakasaidia kuunda chama cha kupigania mageuzi ya Kongo. Picha alizopiga Alice Seeley Harris, mke wa mmisionari, zilionyesha watu waliokatwa mikono. Mwaka 1908 Leopold alilazimika kuiachia Kongo, ingawa aliyeipokea ni serikali ya Ubelgiji na si wenye nchi.

Mfano wa pili ni wa mtu wa kwetu. Mwaka 1984 njaa ilikuwa imeshika kaskazini ya Ethiopia, na maonyo yalikuwa yametolewa miezi mingi kabla. Hayakutikisa watu. Mpiga picha Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, alifika Korem pamoja na Michael Buerk wa BBC, na tarehe 23 Oktoba 1984 picha zao zikaonyeshwa. Misaada ikamiminika. Mamia ya maelfu walikufa katika njaa ile, wengi wao kabla ya siku hiyo. Njaa haikuanza tarehe 23 Oktoba. Kuonekana ndiko kulikoanza.

Mmoja alisoma hati za mizigo, wa pili alibeba kamera mahali penyewe. Wote wawili walikuwa kazini. Hapo ndipo penye fundisho letu: aliye karibu na kazi huona kabla ya mwandishi. Dereva wa lori anajua kijiji kipi kimehamwa. Kuli anajua kreti gani ni nzito kuliko hati yake. Muuguzi anajua watoto wangapi wamekufa juma hili. Kimya kinawezekana pale tu tunaoona tunapofunga vinywa, au tunaposema ovyo mpaka hatuaminiki.

KAZI YA TAWI

Leo karibu kila mmoja ana simu, na uongo nao una simu. Kwa hiyo tushike kanuni hizi:

1. Andika siku ileile. Kumbukumbu ya juma moja imekwisha kuchanganyika na maneno ya watu.
2. Andika nani, nini, wapi, lini, wangapi. Ukikosa mojawapo, acha nafasi wazi. Usiijaze kwa kubahatisha.
3. Tenga ulichokiona na ulichokisikia. Viandike mahali mbalimbali.
4. Usiongeze hesabu ili watu wahurumie. Wakigundua kwamba kumi walikuwa sita, watakataa hata hao sita.
5. Linda jina la aliyekueleza, hasa kama kazi yake au roho yake iko hatarini.
6. Usiweke ripoti kabatini. Ipeleke makao makuu ya chama, na kwa vyama vya wenzetu wa kazi ileile ng'ambo ya mpaka. Wa reli kwa wa reli, wa bandari kwa wa bandari. Hiyo ni barabara yetu wenyewe, haina haja ya kupitia Paris.
7. Tangaza na ya wenzako. Tawi linalotaka msiba wake usikike nalo lisome msiba wa jirani katika mkutano wake.

MASWALI YA KUJADILI

1. Ni tukio gani la nchi jirani mmelisikia mwaka huu kutoka kwa abiria, dereva au mkimbizi kabla ya kulisikia redioni? Lilichelewa kwa siku ngapi, na kwa sababu ipi kati ya zile saba?
2. Katika kazi yenu, ni hati au vipimo gani vinavyopita mikononi mwenu ambavyo vinaonyesha jambo lisilosemwa?
3. Mwenzenu akiuawa mgodini kesho, nani katika tawi ataandika, na ataipeleka wapi?

Swali la tatu lisiahirishwe. Mkutano usifungwe kabla jina la mwandishi wa tawi halijaandikwa katika daftari.

Umoja ni nguvu.